Karatasi za Kufungia Sabuni

Waya ulikuwa umekwama katikati ya mche wa tatu. Mama Sabuni akaushika ncha zote mbili, akauvuta polepole, mkono wa kulia kisha wa kushoto, mpaka kipande kikaachana na mche na kuangukia ubao kwa kishindo kidogo. Akakifuta kwa kitambaa, akakigeuza kutazama kama kimekaa sawa, akachukua ukurasa wa gazeti na kuanza kukifunga.

"Leo ni gazeti," akasema baba mkwe wake.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, uso ameuelekeza kwenye mwanga ambao hauoni tena. Alikuwa ametengeneza saa za watu kwa miaka arobaini. Macho yalipozimika, masikio na vidole vilibaki kazini kama kawaida.

"Ndiyo, Baba."

"Zile ngumu?"

"Zimekwisha."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Zimekwisha lini? Maana asubuhi nilikuwa natafuta kandambili chini ya kitanda, nikazigusa. Zinafika hapa." Akaonyesha kwa kiganja, karibu shubiri nzima.

"Nilitaka kusema, za kufungia leo."

"Haya."

Afadhali angebisha. Hiyo "haya" yake ilikuwa ya mtu aliyefungua saa, akaona kilichoharibika, na sasa anasubiri mwenyewe aseme aliiangusha wapi. Mama Sabuni akafunga kipande kingine. Gazeti likalowa pale pale na kuchanika kwenye kona. Ndiyo maana alizipenda zile ngumu: hazilowi haraka, hazichaniki, na wateja wake wa bwenini walikuwa wakisema sabuni yake inafungwa kama zawadi.

Mambo yalianza asubuhi ile ya Ijumaa kazini. Alikuwa kwenye ofisi ya katibu wa Kitivo cha Elimu, chini ya meza, amepiga magoti, anabandua chingamu iliyoganda kwenye zulia kwa kisu kisicho na makali. Mlango ukafunguliwa, viatu vya kiume vikaingia. Alivijua. Vilikuwa vya Daktari, yule anayefundisha somo la Elimu Jumuishi.

"Hii hapa," Daktari akamwambia katibu. "Imekutwa kwenye kabati la yule binti asiyeona, bwenini, imefungiwa sabuni. Umeona ujanja huo? Nani angefikiria kukagua sabuni?"

"Ndiyo mtihani wenyewe?"

"Swali la tatu. Lote."

"Umelisoma?"

Kiti cha katibu kikalia kidogo.

"Kwa nukta nundu? Mimi sisomi nukta," Daktari akasema. "Fundi wa mashine naye anabonyeza tu, hasomi. Tulimwita yeye mwenyewe akatusomea."

"Mlimwita mtuhumiwa awasomee ushahidi?"

"Sasa tungemwita nani?" Sauti yake ikapanda, kisha ikashuka. "Tisini na moja. Mtu haoni, anapata tisini na moja. Mimi mwenyewe enzi zangu somo hili nilipata sitini na nane. Hapana. Kuna mtu wa ndani aliyempa karatasi. Kamati ya nidhamu inakaa Jumatatu saa nne, na huyo mtu tutamjua."

Ndipo alipoiona ndoo, na karibu na ndoo nyayo mbili zimetokeza chini ya meza.

"Mama Sabuni! Kumbe upo?"

"Nipo, Daktari. Kuna chingamu hapa imeng'ang'ania."

"Ah. Endelea, endelea."

Lakini hakuondoka mara moja. Alimtazama kwa muda ambao mtu angeweza kutazama saa ukutani na kuhesabu amechelewa kiasi gani. Au ndivyo ilivyomwonekea yeye. Tangu hapo alikuwa anajiuliza kama mtu mwenye shahada tatu anaweza kutamka "sabuni" mara tatu ndani ya dakika moja, mbili akitaja ushahidi na ya tatu akimwita mfagiaji, asiunganishe. Huenda hakuunganisha. Huenda aliunganisha, na ile "endelea, endelea" ilikuwa ya kumpa kamba ajinyonge mwenyewe.

Kwa sababu karatasi ile ilikuwa yake. Mwishoni mwa korido kulikuwa na chumba cha mashine ya kuchapa nukta, iliyoletwa na mradi. Fundi akichapa, kurasa za kwanza hutoka zimekaa upande, naye huzitupa kwenye katoni. Hazina wino, hazina picha, ni nyeupe tupu zenye vipele. Kila wiki katibu humwambia, "Mama, beba na hizi tupu." Naye mwaka na nusu sasa alikuwa anazibeba, anazikata vipande vinne vinne, anafungia sabuni. Ukutani, juu ya katoni ile, palikuwa na bango kubwa la rangi: *Kitivo Jumuishi, Hakuna Anayeachwa Nyuma.* Hulifuta vumbi kila Jumatano.

*

Mumewe alirudi jioni, miguu myeupe kwa vumbi la barabarani. Alikuwa fundi ujenzi, lakini mwenye nyumba waliyokuwa wakiijenga alitoweka mwezi wa pili sasa, na kazi ya mumewe kila siku ilikuwa kwenda kutazama kama amerudi. Mama Sabuni alimvuta nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo, akamweleza yote huku anaanua.

"Nani mwingine anajua?" mumewe akauliza.

"Baba anajua kwamba nadanganya. Hajajua nadanganya nini."

"Kuna mtu amekutaja jina?"

"Bado."

"Basi choma. Kesho asubuhi nazibeba, natia kiberiti. Karatasi zikiwa majivu, wewe ni mfagiaji tu. Mfagiaji atajuaje mambo ya mtihani?"

"Na yule binti?"

"Yule binti yuko kwenye chuo kizima cha wasomi. Watamtetea. Wewe ukiguswa atakutetea nani? Kampuni ya usafi? Hao mkataba wako wanautia saini mwezi kwa mwezi, kama wanapanga chumba." Akachukua shati lake kwenye kamba, akalikunja vibaya. "Mama watoto, nyumba hii ina kazi moja. Moja tu."

Ilikuwa kweli.

"Na huenda aliusoma kweli," Mama Sabuni akasema baadaye, akilikunjua lile shati na kulikunja upya. "Alinunua sabuni, akaona ni mtihani, akakaa kimya akajifaidi. Nani angekataa?"

Alipokwisha kusema hivyo akajisikia mwepesi. Kumshuku binti kulimpa nafuu. Kama binti alikuwa mwizi, basi yeye hakuwa na deni lolote kwake.

*

Jumamosi mzee hakutoka kitandani.

"Mgongo," akasema.

"Mgongo gani, Baba, na jana ulikuwa unaimba?" mwanawe akamwuliza kutoka mlangoni, kiberiti kimetuna kwenye mfuko wa shati.

"Mgongo wa mtu mzima haupigi hodi. Unaingia tu."

"Nataka kutoa vitu hapo chini ya kitanda."

"Chini ya kitanda hakuna kitu. Inama utazame."

Akainama, akakuta kandambili na sanduku la vifaa vya saa. Alipoinuka alimtazama baba yake aliyelala chali, godoro limeinuka upande mmoja kama mkate ulioumuka, mikono ameikunja kifuani, uso umetulia. Mtoto hawezi kumwinua baba yake kwa nguvu. Akaenda kukaa nje.

Mama Sabuni alikuwa hajaamua kama afurahi au akasirike, aliposikia fimbo ikigongagonga kokoto. Ilikuwa saa tatu kamili.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mwalimu!" mzee akaitikia kwa sauti isiyo na mgongo wowote.

Ndivyo alivyomwita, ingawa binti alikuwa na miaka ishirini na miwili tu. Kitivo kilikuwa na mpango wa kuhudumia jamii: kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu hupewa nyumba moja ya jirani yenye mtu mwenye ulemavu, aifundishe Jumamosi kumi, kisha aandike ripoti. Yeye alipewa nyumba hii. Ilikuwa Jumamosi ya nane, na mzee alikuwa ameshazijua herufi zote isipokuwa tatu za mwisho.

Mama Sabuni alisimama pale pale, kitambaa mkononi. Mtu aliyesimamishwa masomo, anayesubiri kamati, anakuja kufundisha? Kwa nini? Akamtazama akiingia, fimbo ikatafuta mguu wa meza ikaupata, kisha binti akasita. Pua ilichezacheza. Sabuni zote zilikuwa pale, zimepangwa.

"Unatafuta sabuni, mwanangu?" akamwuliza, na sauti yake ikatoka kali kuliko alivyokusudia.

"Hapana, Mama. Nilikuwa nayo. Wameichukua, iko kwenye kabati la ofisi, imeandikwa namba. Tangu Alhamisi naogea ya kuazima."

Mzee akacheka mpaka kitanda kikalia.

"Nilisikia umesimamishwa," Mama Sabuni akasema.

"Nimesimamishwa masomo. Jumamosi hawakuisimamisha." Akavuta kigoda, akakaa karibu na kitanda, akatoa kadi zake kwenye mkoba. "Babu, leo unasomea kitandani kama sultani?"

"Leo nina sababu zangu."

Somo likaanza. Mama Sabuni alijifanya anafagia. Alifagia sehemu moja mara tatu. Alimwangalia binti vidole, alimwangalia uso, alingoja lile neno ambalo mtu husema kama kwa bahati mbaya ili apate jambo. Halikuja. Walikuwa kwenye herufi tu, na mzee alikuwa anakosea makusudi ili arudiwe. Mwishowe ni yeye mwenyewe aliyeshindwa kuvumilia.

"Mwalimu. Ule mtihani uliusoma?"

Kadi zikatulia.

"Nilifungua sabuni nikaoge," binti akasema. "Vidole vikakuta *Swali la tatu.* Mama, wewe ukikuta kitu usichotakiwa kusoma, unafumba macho. Mimi nifumbe nini? Mpaka naelewa nimeshika nini, nilikuwa nimefika mstari wa nne."

"Kwa hiyo uliusoma."

"Mistari minne. Kisha nikakaa nikamwandikia Daktari barua, kwamba mtihani umetoka nje, aubadilishe. Hiyo ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita. Jumatano nikaipeleka ofisini, nikamkabidhi katibu mkononi. Ijumaa tukafanya mtihani, swali la tatu lipo vile vile. Sikulijibu. Nilichagua la nne. Wakitaka waangalie karatasi yangu ya majibu, lakini wao wanaangalia sabuni."

"Na hiyo barua?"

"Daktari anasema hakuona barua yoyote. Katibu anasema hakupokea barua yoyote."

"Uliiandika kwa nukta?" mzee akauliza.

"Kwa kibao changu na msumari, Babu, nukta moja moja. Kompyuta yenye sauti iko maktaba, na vile vya kuvaa masikioni vimekufa tangu muhula uliopita. Ingenisomea mbele ya watu wote kwamba mtihani umevuja." Akaifuta kadi kwa kiganja. "Na Daktari ndiye anayetufundisha namna ya kumfundisha mtoto asiyeona. Nilidhani anasoma."

Mama Sabuni akaegemea ufagio. "Unadhani wanadanganya?"

"Hapana. Hilo ndilo linaloniuma. Nadhani wanasema kweli. Hawakuona barua. Waliona karatasi tupu."

Nje, mumewe alikohoa. Alikuwa anasikiliza.

"Wamekuuliza sabuni umenunua wapi?"

"Mara tatu."

"Ukasemaje?"

"Nimesema dukani." Binti akakusanya kadi zake, akazigonga mezani zikae sawa. "Maduka ni mengi, Mama."

Alipoondoka, Mama Sabuni alimsindikiza mpaka barabarani, akabaki amesimama akiitazama fimbo ikipotea kwenye kona. Hata sasa alikuwa bado anapima. Mtu akikufichia jambo leo bila kuombwa, kesho huja kudai. Alijaribu kumwona binti akija kudai. Alijaribu kweli. Picha haikukaa.

Kisha akakumbuka: Jumatano. Jumatano ile alikuwa amemaliza kufuta bango. Katibu alikuwa anaongea na simu, akamwashiria kwa kidevu rundo lililokuwa kwenye kona ya meza, *beba na hizo.* Akazibeba.

Akarudi nyumbani akikimbia kama msichana.

"Baba! Zile karatasi!"

Mzee akajigeuza ubavu, taratibu, akainua godoro. "Nimezilalia tangu jana jioni," akasema. "Ukuta wa nyuma ni mwembamba, na mwanangu akinong'ona anasikika mpaka sokoni. Mbavu zangu zimechapwa mtihani mzima."

*

Jumapili baada ya chakula cha mchana walizimwaga zote mezani, pembeni ya ule mche wa sabuni ambao haukumalizwa. Zilikuwa zaidi ya vipande mia mbili, maana alikuwa na tabia ya kuzikata nyingi kwa mara moja na kufungia kidogo kidogo.

"Tumwite Mwalimu mwenyewe aitafute barua yake," mumewe akasema. "Kwake ni dakika kumi."

"Thubutu," mzee akasema. "Akiigusa yeye, watasema kaitoboa leo, kwetu, tukiwa tumemshikia taa. Barua hii asiione mpaka Jumatatu."

"Sasa utasoma vipande mia mbili, Baba? Jana neno moja lilikuchukua robo saa."

"Sisomi. Nachambua. Lete mkono." Akamshika mwanawe kidole cha shahada, akakipitisha juu ya kipande kimoja. "Hii ni mashine. Nukta zote kimo kimoja, kama askari. Sasa Mwalimu anatoboa kwa mkono. Mkono unachoka, unalegea, unakaza. Saa ya kiwandani na saa iliyofunguliwa na fundi hazifanani hata kidogo ukizigusa kwa ndani."

Akaanza. Kipande kinapita chini ya kidole, kinawekwa kushoto. Kingine, kushoto. Mama Sabuni alikuwa anampa, mumewe anapanga. Jua likahama kutoka kwenye meza likaenda ukutani. Kwenye cha themanini na kitu mzee akasimama, akarudi nyuma, akakigusa tena kwa vidole viwili.

"Mkono," akasema, akakiweka kulia.

Walipomaliza, kulia palikuwa na vipande vitatu. Mumewe akaviweka kingo kwa kingo. Viwili vya chini vilikutana sawasawa. Cha juu kushoto kikakaa. Juu kulia pakabaki meza tupu.

"Hapo pana tarehe," mzee akasema. "Alinifundisha, barua tarehe inakaa juu kulia."

"Bila tarehe?" mumewe akauliza.

Bila tarehe ingekuwa barua ya siku yoyote, hata ya jana.

Mama Sabuni akakaa kwenye kigoda, akafumba macho. Hakuwa mtu wa haraka. Alianza na ile Jumatano ya wiki iliyopita, akasogea siku moja moja. Jumatano alirudi na rundo, akalikata jioni ile ile, maana za zamani zilikuwa zimekwisha kabisa. Alhamisi alifunga vipande vitatu tu, akaenda navyo kazini, kwa sababu alikuwa ameagizwa. Ijumaa akaleta rundo jingine, akaliweka juu ya lile la kwanza, na tangu hapo amekuwa akichukua za juu. Kwa hiyo katika lile la Jumatano zilitoka tatu peke yake.

"Vitatu vya Alhamisi," akasema akifumbua macho, "aliagiza katibu."

Mumewe akacheka, si kwa furaha. "Yule yule?"

"Alisema viwili vya mama yake, kimoja cha kwake. Vya mama yake sijui viko wapi, lakini chake anakiweka droo ya chini. Kila nikifagia nasikia harufu."

"Kesho unaingia saa kumi na mbili asubuhi. Ufunguo unao. Fungua droo, toa karatasi, funga."

"Sifungui droo ya mtu."

"Mama watoto..."

"Sifungui. Nikikutwa, au hata nisipokutwa, itakuwa karatasi niliyoiiba. Nitamngoja aje. Nitamwambia anionyeshe sabuni yake mbele ya Mkuu wa Kitivo, aifungue kwa mkono wake mwenyewe."

"Na kama ameshaitupa?"

"Basi ameitupa."

"Na wakikuuliza ilifikaje kwenye sabuni?"

Hilo ndilo walilokuwa wanalizunguka tangu juzi, wote wawili. Akamtazama mumewe. Viganja vyake, visivyogusa saruji miezi miwili, vilikuwa vimeanza kulainika, naye alikuwa akivificha mapajani kama mtu mwenye aibu.

"Nitasema niliambiwa nibebe, nikabeba," akasema.

"Watakufukuza wewe. Si katibu, si fundi, si Daktari. Wewe."

"Huenda."

Mumewe akainuka, akatoka bila kuaga. Wakasikia viatu vyake kwenye kokoto. Mama Sabuni akachukua daftari na kalamu, akajiweka tayari kama mtoto wa darasa la kwanza, na mzee akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa vile vipande vya chini.

Ilikwenda polepole. Mzee alitaja herufi, yeye akaandika. Mstari ulipofika kwenye mkato, kidole kikavuka kwenda kipande cha pili na kuendelea. Wakikuta moja ya zile tatu ambazo hajafundishwa, mzee husema, "Huyu simjui," naye huacha nafasi, kisha hulitazama neno zima na kujaza. Mara mbili walibishana. Mara moja mzee alikasirika, akasema Mwalimu ameandika vibaya, akarudia, akakuta ni yeye aliyeruka nukta.

"Soma tulipofika," akasema baada ya muda mrefu.

Mama Sabuni akasogeza daftari kwenye dirisha. Akasoma kama anavyosoma karatasi za hospitali, neno moja moja, bila kupandisha wala kushusha sauti.

"*...kwa hiyo naomba swali la tatu libadilishwe kabla ya Ijumaa. Sabuni sitasema nimeinunua wapi, kwa sababu aliyeifunga hajui alichofungia. Katika jengo letu hakuna aliyemwambia kwamba karatasi hizi zina...*"

Akainua macho.

"Zina nini?" mzee akauliza.

"Hapo ndipo ulipoachia."

Alisoma tena peke yake, midomo ikicheza. *Aliyeifunga hajui.* Jumanne ile, kabla ya kushukiwa na mtu yeyote, kabla ya kamati, binti alikuwa ameketi bwenini na msumari wake akimtobolea yeye njia ya kutokea, nukta moja moja. Naye juzi Ijumaa, kwenye kamba ya nguo, alimwita mwizi ili apate usingizi.

Mlango ukasukumwa. Mumewe akaingia na mbao mbili nyembamba, ukubwa wa daftari, zimepigwa msasa kingo zote, na kipande cha kamba.

"Mkiziweka kwenye mfuko zitapondeka nukta," akasema, akiangalia pembeni. "Weka katikati ya hizi. Bado sijakubali. Lakini zisipondeke."

Mzee alikuwa amerudisha kidole kwenye barua. Alikipitisha, akakiinua, akakipuliza, akakirudisha tena. Kisha akaukunja mkono wake taratibu.

"Vidole vimelala," akasema. "Sasa kila kitu ni mchanga. Imebaki mistari miwili."

"Tuache, Baba. Saa nne bado iko mbali."

"Uniamshe alfajiri, kabla ya chai. Nitaimaliza. Na unitolee lile koti la kijivu."

"La nini?"

"Wewe umesema mwenyewe hakuna anayejua kusoma kule. Watamwita nani awasomee? Yeye tena?" Akapapasa ukingo wa meza mpaka akaupata. "Nitakwenda mimi."

Mumewe akafunga zile mbao kwa kamba, akaacha fundo legevu kwa ajili ya asubuhi. Mama Sabuni akaweka daftari juu yake, kalamu ndani, pale sentensi ilipokatikia. Mche wa tatu wa sabuni ulikuwa bado nusu mezani, waya umelala kando yake. Akautupia kitambaa kibichi usikauke, akaenda kutafuta lile koti.